Pedi au mwendo wa mkono? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara na watengenezaji wa gemu Tanga

Ukurasa huu umekusanywa kutokana na maswali ya vijana tunaokaa nao kutengeneza gemu hapa Tanga, wenye vyumba vya gemu vya Ngamiani na Makorora, na wazazi wachache ambao hawakuja kwa heri. Maswali yanayofanana yameunganishwa. Anayetaka habari za simu peke yake aruke hadi sehemu ya nne, ila lile swali la ubovu wa sensa katika sehemu ya pili asiliache, maana mengi yanasimama juu yake.

## 1. Mambo ya msingi

Gemu za mwendo ni zipi hasa?

Ni gemu ambazo msogeo wa mkono, wa mwili au wa kifaa ulichoshika ndio amri yenyewe. Unarusha mkono, raketi kwenye skrini inapiga mpira. Unainamisha simu, gari linakata kona. Kwenye pedi ya kawaida amri ni vitufe na stiki. Kila mtu huipinda pedi hewani akikata kona kali, lakini gemu haina habari naye.

Mwendo husomwa kwa njia mbili kubwa. Ya kwanza ni sensa zilizomo ndani ya kifaa: akselerometa, inayohisi mchapuko na uvutano wa dunia, na jairoskopu, inayopima kasi ya kuzunguka. Ya pili ni kamera. Vifaa vingine huchanganya zote mbili: remoti ya Wii, mashine ya gemu ya Nintendo, ina akselerometa ndani na kamera ndogo ya infraredi puani. Ule upau unaowekwa juu ya TV, ambao watu wengi hudhani ndio unaosoma, hausomi chochote. Ni taa tu za infraredi ambazo remoti inaziangalia. Waliopoteza upau walikuja kugundua kuwa mishumaa miwili iliyowekwa pande mbili za TV inafanya kazi ileile.

Nani alianza? Nintendo na Wii?

Hapana, Wii ndiyo iliyofanikiwa. Mattel walitoa glavu ya Power Glove kwa ajili ya mashine ya NES mwaka 1989, na ilijulikana zaidi kwa kutotii. Sega walijaribu na Activator mwaka 1993, pete ya kuwekwa sakafuni unayosimama katikati yake. Mwaka 2003 Sony walitoa kamera ya EyeToy kwa PS2. Wii ilikuja Novemba 2006, kwa hiyo mtengenezaji aliyekuwa kazini siku hiyo alikuwa ameshaona ahadi hii zaidi ya mara moja.

Pedi ina nini hadi ikadumu hivyo?

Kitufe cha msalaba kiliingia kwenye pedi na Famicom, yaani NES ya Japani, mwaka 1983, na stiki mbili za DualShock, pedi ya PS1, zilikuja mwaka 1997. Mpe kijana wa leo pedi ya PS1 na pedi ya PS5, atajua ashike wapi bila kuelezwa.

Siri yake ni udogo wa kazi inayotakiwa. Kidole gumba kinasogea milimita chache, kitufe kinajibu ndiyo au hapana, na mkono umepumzika mapajani. Unaweza kucheza saa tatu. Halafu kitufe kinakupa jibu kwenye ncha ya kidole kabla hata skrini haijabadilika: umekisikia kikizama. Hewa haikupi kitu cha namna hiyo.

## 2. Kwa nini watengenezaji wanasita

Si ni woga wa mabadiliko tu?

Woga upo, lakini si huo. Mtengenezaji anaogopa gemu yake kulaumiwa kwa kosa ambalo mchezaji hana uhakika kama amelifanya yeye. Ukibonyeza kitufe cha kuruka umechelewa ukatumbukia shimoni, unajilaumu na kurudia. Ukirusha mkono, gemu ikasoma vingine, ukatumbukia shimoni, unailaumu gemu, na una haki. Gemu nzuri inajengwa juu ya lile neno "nilikosea mimi, ngoja nirudie". Likiondoka, hakuna picha nzuri itakayolirudisha.

Piga hesabu. Tuseme gemu inautambua mkono wako mara 95 katika kila 100. Ukisikia, si haba. Lakini mechi ya tenisi yenye mapigo 200 itakuwa na mapigo 10 yaliyopotea, na mchezaji atayakumbuka yote kumi. Pedi ambayo kitufe chake kinakataa mara kumi kwa mechi, hapa Ngamiani ingeshafunguliwa kwa bisibisi kabla ya adhuhuri.

Kuna na la chumba. Anayetengeneza gemu ya pedi anatengeneza gemu, basi. Anayetengeneza gemu ya mwendo anaazima pia chumba cha mtu asiyemjua: upana wake, mwanga wake, meza yake ya kioo, na mdogo wake anayekatiza mbele ya TV akienda kunywa maji. Hivyo vyote vinakuwa sehemu ya gemu, na hakuna hata kimoja kinachorekebishika kwa sasisho.

Wii iliuza zaidi ya mashine milioni 100. Mbona wengine hawakuifuata?

Walifuata. Sony walitoa remoti ya PlayStation Move Septemba 2010 na Microsoft wakatoa Kinect, kamera inayosoma mwili mzima, Novemba mwaka huohuo. Swali zuri zaidi ni kwa nini kampuni zinazotengeneza gemu bila kutengeneza mashine hazikuhamia huko.

Sehemu ya jibu haihusu mkono kabisa. Picha za Wii ziliishia 480p wakati PS3 na Xbox 360 zilikuwa kwenye HD. Gemu moja kubwa iliweza kutengenezwa kwa PS3, Xbox 360 na kompyuta kwa pamoja, kwa sababu pedi zao zinafanana: stiki mbili, vitufe vinne vya kulia, vya mabegani. Kuipeleka Wii maana yake ilikuwa kuichora upya na kubuni upya jinsi ya kuichezesha. Hiyo ni gemu ya pili, si toleo la pili. Mhasibu wa kampuni hahitaji kuchukia mwendo ili akatae. Anahitaji kalamu tu.

Sehemu nyingine ni kwamba wengi walionunua Wii walinunua Wii Sports, iliyokuja nayo ndani ya boksi karibu kila nchi isipokuwa Japani na Korea Kusini. Shangazi aliyecheza bolingi jioni moja akafurahi hakuwa anatafuta gemu ya kumaliza kwa saa arobaini. Soko lilikuwa kubwa kweli, ila kwa kiasi kikubwa lilikuwa soko la Nintendo wenyewe.

Eti shida ilikuwa sensa mbovu, na sasa zimekuwa nzuri?

Zimekuwa nzuri, na sehemu ya shida imebaki palepale. Hili tulikalie kidogo.

Akselerometa haijui tofauti kati ya uvutano wa dunia na msukumo wa mkono. Simu ikiwa imetulia mezani inasoma karibu mita 9.81 kwa sekunde kwa sekunde. Ukiiinamisha, namba hiyo inagawanyika upya kwenye mihimili mitatu, na hapo ndipo tunapojua imeinama. Ukiisukuma haraka bila kuiinamisha, namba nazo zinabadilika. Kwa hiyo programu inayosoma akselerometa peke yake inakisia: hii ni kuinama au ni kusukuma? Remoti ya kwanza ya Wii ilikuwa na akselerometa bila jairoskopu, ndiyo maana mwaka 2009 Nintendo wakaongeza kipande cha Wii MotionPlus chenye jairoskopu.

Jairoskopu nayo ina lake. Inapima kasi ya kuzunguka, si upande unaotazama. Ili kujua upande lazima ujumlishe kasi hizo kila mara, na kila jumla inabeba kosa dogo. Baada ya dakika kadhaa remoti inaamini unatazama dirisha ilhali unatazama TV. Kwa hiyo tunazioanisha: jairoskopu kwa misogeo ya haraka, akselerometa kuivuta polepole irudi kwenye ukweli wa chini ni wapi. Chini inajulikana hivyo. Kushoto na kulia hakujulikani, na hapo ndipo inapohitajika kamera, au sumaku ya dunia, au kitufe cha "weka katikati".

Kujua mkono uko wapi chumbani ni kugumu zaidi. Mwanafunzi mmoja kila kundi huja na wazo hili: "Mchapuko nikiujumlisha mara mbili si napata umbali?" Kwenye karatasi ni kweli. Sasa chukua kosa dogo la 0.1 tu, lisilobadilika, kwa sekunde 10: nusu ya 0.1 mara 10 mara 10 ni mita 5. Mkono haujasogea, na gemu inasema uko kwa jirani. Hii ndiyo sababu Move ilikuwa na lile tufe linalowaka juu yake: kamera inaliona, na kwa ukubwa wa tufe kwenye picha inajua umbali.

Kwa nini mkono unachelewa kuliko kitufe?

Kwa sababu kitufe ni tukio, mkono ni safari. Kwenye gemu ya fremu 60 kwa sekunde, fremu moja ni kama milisekunde 16.7, na kitufe kinaweza kusomwa ndani ya fremu ileile. Pigo la raketi linaanza, linakua, linaisha. Gemu ikitaka kuwa na uhakika kuwa hili ni pigo na si mtu anayejikuna, lazima isubiri ione sehemu yake. Ikisubiri zaidi inakosea kidogo na kuchelewa zaidi. Ikisubiri kidogo inawahi na kukosea. Kulainisha namba za sensa ili zisitetemeke kunaongeza kuchelewa vilevile.

Tena kabla ya kupiga mbele mtu huvuta mkono nyuma. Kwa sensa, kuvuta nyuma ni pigo pia. Gemu nyingi za upanga ziliumia hapa: mchezaji anajiandaa kukata kulia, shujaa anakata kushoto.

Mbona gemu nyingi za Wii zilikuwa za kutikisa tu?

Hayo ndiyo matunda ya majibu mawili yaliyotangulia. Kutikisa ni mwendo pekee ambao hata akselerometa peke yake haiwezi kuukosa. Mtengenezaji mwenye gemu ya pedi na muda mfupi alichukua kitufe kimoja, akakigeuza kuwa "tikisa remoti", akasema gemu yake ni ya mwendo. Ni kitufe kilekile, kimechelewa na kinachosha. Wachezaji wa pedi wakacheka, nao walicheka kwa haki.

Kuna gemu kubwa zilizorudi nyuma baada ya kujaribu?

Zipo. Lair ya PS3, mwaka 2007, ililazimisha mchezaji aongoze joka kwa kuinamisha pedi ya Sixaxis. Ilikosolewa vikali, na mwaka 2008 ikatolewa sasisho linaloruhusu stiki. Donkey Kong Country Returns ya Wii, 2010, ilitaka utikise ili ubingirike. Ilipohamia 3DS mwaka 2013 kubingirika kukawa kitufe. Hata Skyward Sword, iliyojengwa yote juu ya upanga wa MotionPlus mwaka 2011, iliporudi kwenye Switch mwaka 2021 iliongezewa njia ya kucheza bila mwendo.

Ukizitazama Lair na Skyward Sword utaona waliotengeneza hawakuyaacha mawazo yao. Walimrudishia mchezaji uchaguzi. Swali la mwisho la sehemu ya nne linaendelea na hili.

Kinect haikuhitaji hata remoti. Ilikufa kwa nini?

Haikufa kwa kukosa wanunuzi. Iliuza milioni 8 katika siku 60 za kwanza. Lakini mwili bila kitufe hauna njia rahisi ya kusema "sasa". Kuchagua neno kwenye menyu kulitaka uelekeze mkono na kungoja. Kutembea mbele ndani ya gemu, kitu ambacho stiki hukifanya bila kufikiri, hakukuwa na jibu zuri, kwa sababu ukitembea kweli unaikuta TV. Ndiyo maana gemu zake bora ni za kucheza dansi na mazoezi, ambako mchezaji anasimama mahali pamoja.

Halafu ikaja bei. Xbox One ilianza Novemba 2013 kwa dola 499, Kinect ikiwa lazima ndani ya boksi. Juni 2014 ikauzwa bila Kinect kwa dola 399, na watengenezaji wakaruhusiwa kutumia nguvu za picha ambazo mashine ilikuwa imeiwekea Kinect. Jiweke mahali pa mtengenezaji: unaambiwa kifaa ambacho jana kilikuwa kwa kila mteja, leo si lazima tena. Nani angeendelea? Utengenezaji wake ulikoma mwaka 2017.

Pedi za PS4 na PS5 zina jairoskopu. Mbona sioni ikitumika?

Kwa sababu pedi ya Xbox haina. Gemu inayotoka kwenye mashine zote inatumia kile kilichopo kwenye zote, na kinachozidi kinakuwa nyongeza ya hiari au kinaachwa. PS3 ilikuwa na sensa za mwendo kwenye pedi tangu 2006, kwa gharama ya ajabu: pedi yake ya kwanza haikuwa na mtetemo, na Sony walisema mtetemo ungevuruga sensa. Baadaye DualShock 3 ikaja na vyote viwili.

Basi hakuna mahali mwendo unaishinda pedi?

Pako, na ni kosa kudhani tunaupinga. Kulenga ni pamoja. Stiki inaelekeza kasi: unaisukuma, unangoja alama ya kulengea ifike, unaiachia stiki kabla alama haijapita. Kifundo cha mkono kinaelekeza mahali moja kwa moja. Splatoon, gemu ya kufyatuliana rangi ya mwaka 2015, iligawa kazi vizuri: stiki kwa kugeuka sana, jairoskopu kwa kulenga mwisho, na asiyetaka anaizima. Hakuna pigo la kutambua hapo, hakuna kukisia. Kila digrii ya mkono ni digrii ya skrini. Mimi naona huko ndiko mwendo ulikopata nyumba yake kwenye gemu za kawaida.

Pengine ni pale mchezaji asipoijua pedi kabisa. Siku ya Idi nyumba imejaa, mpe bibi pedi yenye vitufe zaidi ya kumi, atakurudishia. Mpe remoti umwambie arushe kama anarusha mpira, dakika ile yumo. Just Dance iliendelea kutolewa kwenye Wii hadi toleo la 2020, mashine yenyewe ikiwa imeshazeeka, kwa ajili ya watu wa aina hiyo.

Na miwani ya VR?

Ni habari nyingine. Pale mikono inafuatiliwa kwa nafasi na pembe, na macho yako yamo ndani ya chumba cha gemu, kwa hiyo kunyoosha mkono kushika kitu ndiyo njia ya kawaida na kitufe ndicho kinachoonekana kigeni. Vishikio vya mkono vya miwani ya Vive na vile vya Oculus Touch, vyote vya mwaka 2016, vina vitufe hata hivyo, na hilo likueleze kitu. Tatizo la chumba linabaki, tena limezidi, maana sasa mchezaji haoni meza.

## 3. Mchezaji na chumba chake

Nina chumba cha gemu Ngamiani. Niongeze mashine ya mwendo?

Pima kwanza. Kinect ilishauri mita 1.8 hivi kutoka kwenye kamera kwa mchezaji mmoja na 2.4 kwa wawili. Chumba cha futi kumi kwa kumi ni mita tatu; toa meza ya TV, toa fomu ya kukalia wateja, toa wale wanaosubiri zamu wamesimama mlangoni. Kwenye fomu moja wanakaa vijana wanne bega kwa bega wakicheza mpira kwa pedi, wengine wanawashangilia. Kwa mwendo, nafasi hiyohiyo inamtosha mmoja, naye anahitaji wenzake wote wahame.

Kuna na mwanga. Joto la Tanga halikuruhusu kufunga mlango, na jua lina infraredi nyingi. Remoti ya Wii na Kinect zote zinasoma infraredi, kwa hiyo mchana karibu na mlango uliofunguliwa zinaweza kuchanganyikiwa kabisa, usiku zikawa sawa. Mteja hatajua sababu. Atasema mashine yako mbovu, aende kwa mwenzako.

Ushauri wetu: kama una ukumbi wa kukodisha kwa sherehe, ndiyo. Kwa biashara ya jero kwa mechi, baki na pedi.

Kuna mtu aliwahi kuumia kweli, au ni maneno?

Desemba 2006, wiki chache baada ya Wii kutoka, Nintendo walitangaza kubadilisha mikanda ya mkononi kama milioni 3.2 kwa sababu ilikuwa ikikatika na remoti kuruka. Mwaka 2007 wakaanza kutoa vifuko vya mpira vya kuivisha remoti. Mwaka huohuo jarida la tiba la New England Journal of Medicine lilichapisha barua ya daktari aliyeamka na maumivu ya bega baada ya kucheza tenisi ya Wii saa nyingi.

Hapa pwani ongeza jasho. Remoti inateleza. Mkanda uvaliwe, na feni isiwe chini ya kimo cha mkono ulionyooshwa.

Na mchezaji mwenye ulemavu?

Gemu inayolazimisha mwendo inamfungia nje asiyeweza kusimama au kuinua mkono. Gemu inayolazimisha vitufe kumi na mbili inamfungia nje mwenye mkono mmoja. Mwaka 2018 Microsoft walitoa Xbox Adaptive Controller, ambayo mtu anaiunganishia vitufe vya aina yoyote anayoiweza. Kwa mtengenezaji mdogo, lililo ndani ya uwezo ni kutofunga amri yoyote kwenye njia moja tu.

## 4. Ukitengeneza gemu ya simu

Wateja wetu wana simu, hawana Wii. Haya yote yanatuhusu?

Yanakuhusu kuliko mtu wa Wii. Simu ni kifaa cha mwendo chenye skrini juu yake, na hilo linaleta shida ambayo remoti haikuwa nayo: ukiisogeza, unasogeza na picha unayoitazama. Ukiinamisha sana, huoni. Kwa sababu hiyo tunashauri mwisho wa kuinamisha uwe kama digrii 25 au 30. Zaidi ya hapo namba isiongezeke.

Kila simu ina jairoskopu?

Hapana. Akselerometa iko karibu kwenye kila simu janja, lakini simu nyingi za bei nafuu hazina jairoskopu, na hizo ndizo zilizo mifukoni mwa watu wengi. Gemu yako iulize kwanza kama sensa ipo. Kama haipo, ionyeshe stiki ya kugusa bila kulalamika. Unity na Godot, programu za kutengenezea gemu, zote zinasoma sensa hizi moja kwa moja.

Gemu yangu inakwenda vizuri nikiwa nimekaa, nikimpa mtu inaharibika. Kwa nini?

Kwa sababu umeweka sifuri ya mkono wako. Kijana mmoja kwetu alitengeneza gemu ya ngalawa: unainamisha simu kushoto na kulia kushika usukani, unabisha kutoka Sahare hadi Kisiwa cha Toten. Yeye alicheza amekaa kwenye kiti, simu imelala kidogo, na chombo kilimtii. Mwenzake alijilaza kitandani simu ikiwa juu ya uso wake; ngalawa ikazunguka palepale. Dada yake akaijaribu ndani ya bajaji, na kila bajaji ilipokata kona, chombo kilikata upande wake.

La kitandani lina dawa: pima pembe ya simu pale mchezaji anapogonga "Anza", uiite hiyo sifuri. Rudia kila anaporudi baada ya kuisimamisha gemu, maana atakuwa ameshageuka. Acha digrii mbili tatu za katikati ambazo gemu haizijali, ili mkono unaotetemeka usitikise usukani. Kisha lainisha namba, lakini ukiona chombo kimeanza kuwa kizito, umezidisha.

La bajaji halina dawa kamili kwa akselerometa peke yake, na sababu iko kwenye jibu la sensa hapo juu. Jairoskopu ikiwepo inasaidia kwa mitikisiko. Isipokuwepo, mpe mchezaji stiki ya kugusa.

Nikiweka stiki kama hiari, si watu wote watazima mwendo?

Wengi watazima. Hilo ni jibu kwako, wala si hasara. Wakizima karibu wote, mwendo haukuwa unaongeza kitu kwenye gemu ile. Kwenye ngalawa sehemu kubwa ya waliojaribu wakiwa wamekaa waliuacha mwendo uwake, kwa sababu kuinamisha mkono kunafanana na kazi yenyewe. Kwenye menyu hakuna hata mmoja aliyeutaka, ukaondolewa.

## 5. Visa vya pembeni

Nikiilaza skrini, kushoto kunakuwa juu. Nimekosea wapi?

Kwenye Android mihimili ya sensa imefungwa kwenye umbo la asili la kifaa, haizunguki pamoja na skrini. Soma skrini imezungushwa kiasi gani, ubadilishane mihimili. Usiandike "digrii 90" ukaondoka, kwani kwenye tableti nyingi umbo la asili ni la kulala na kila kitu kitageuka tena.

Gemu yangu iko kwenye kivinjari. Android inakubali, iPhone kimya.

Tangu iOS 13, mwaka 2019, Safari inataka ruhusa ya mchezaji kabla ya kutoa sensa, na ombi lazima litokane na yeye kugonga kitu. Liweke kwenye kitufe cha "Anza". Tovuti nayo iwe ya https.

Naweza kujaribu kwenye kompyuta bila simu?

Simu ya kuigiza ya Android Studio inakuruhusu kuizungusha kwa mausi, inatosha kuona kama mihimili iko sawa. Haitetemeki, haitoki jasho na haipandi bajaji.

Rafiki yangu haioni gemu yangu kwenye Google Play, wengine wanaiona.

Angalia kama umetangaza jairoskopu kuwa ni lazima. Ukifanya hivyo, duka linaificha kwa kila simu isiyo nayo. Itangaze kuwa si ya lazima, halafu ndani ya gemu fanya kama tulivyosema kwenye swali la "Kila simu ina jairoskopu?"